Siku Mwenye Bembea Alipopandishwa

Mwanamume aliyeniacha alikuwa na bembea. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kuwa mke wa mtu anayejulikana Kariakoo, huuliza alikuwa na duka gani. Hakuwa na duka. Alikuwa seremala mwenye karakana Gerezani, ubavuni mwa ardhi ya reli, na kila Idi aliitoa bembea yake ya mbao, ile ya kuzunguka kwenda juu na kurudi chini, yenye visanduku vinne vya kukalia, akaisimamisha kwenye ule uwanja mpana uliotenganisha Kariakoo na Uhindini. Wanaume wawili waliojaa vifua waliizungusha kwa mikono. Watoto walijipanga tangu watu wanapotoka kusali mpaka karibu na magharibi. Siku zote hizo za sikukuu mume wangu alitembea pale uwanjani na kanzu na koti, mikono nyuma, akiitikia marahaba kwa watoto wa mji mzima, nami nikimtazama najiona nimeolewa na liwali.

Siku hizi nakaa na wajukuu wa dada yangu, na kwenye darasa la kina mama tunaambiwa tusamehe kabla hatujaondoka duniani. Nimesamehe wengi. Nimemsamehe jirani aliyenisingizia uchawi, na yule aliyeazima masufuria yangu ya shughuli akayatoboa akakana. Huyu sijamsamehe. Nikimkumbuka bado napata joto kifuani, na haya ninayoandika siyaandiki ili nionekane mwema.

Kosa langu kwake lilikuwa lelemama. Nilikuwa kwenye chama cha ngoma cha kina mama tangu sijaolewa, na alinioa akijua. Chama chetu kilikuwa na wanawake wa kila namna: wapishi wa shughuli, wauza vitumbua, wake za makarani, wajane. Mkuu wetu alikuwa mama mnene wa Mtaa wa Swahili tuliyemwita Bi Mkubwa, mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa Kariakoo akasikika Ilala. Idi pili, alasiri, tulivaa kanga za sare tukasimama safu kwenye kona ya uwanja, chini ya miarobaini, mahali ambapo miguu yetu ilikuwa imeshindilia ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Lelemama si kurukaruka. Unasimama wima, mabega na mikono tu vinakwenda, uso umeutuliza, na mji mzima unakutazama. Siku nyingine zote za mwaka nilikuwa mke wa fulani au binti wa fulani. Pale safuni nilikuwa mimi mwenyewe, na sikuwa na mahali pengine pa namna hiyo.

Mwaka wa nne wa ndoa akaanza kuniambia kwamba mke wa mtu wa heshima hatikisi mabega mbele za watu. Nikamjibu kwamba mabega ni yaleyale aliyoyaona akanitaka. Akachukua kofia akatoka. Tukacheza kwenye harusi moja Ilala, na Ijumaa iliyofuata, nikiwa uani natwanga mchele wa vitumbua, akaja jirani yetu na karatasi mkononi. Hakuweza hata kuniangalia usoni. Ilikuwa talaka. Mwenyewe alikuwa amejichimbia Gerezani anapiga randa, eti ana kazi ya watu ya haraka. Nikafunga nguo zangu katika kanga mbili nikahamia kwa shangazi yangu, Mtaa wa Mchikichi. Eda yangu haijaisha, akawa ameshaoa binti wa mtu mwenye nyumba tatu, msichana ambaye, kwa nilivyosikia, hata tari hajui inashikwaje.

Hapa lazima nitaje makabila, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Yeye alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa Dar es Salaam na kazi ya reli. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakwambia lolote mbele ya yeyote. Anaingia kwako anachukua kuku anaondoka naye. Kwenye msiba wako analala mbele ya jeneza mpaka apewe kitu ndipo maiti ipite. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake amekwisha: anatozwa faini, na aibu yake haifutiki upesi. Siku ya harusi yetu shangazi zake walinizuia mlangoni wakitaka wanikague meno, wakisema Wanyamwezi huficha kasoro mpaka mahari ipokelewe. Nikawaambia nitafungua kinywa wakiniletea Mzaramo mmoja aliyewahi kuamka kabla ya jua. Tulicheka mpaka bibi harusi nikaharibu wanja.

Kwa hiyo nilipokuwa nalia uani kwa shangazi, yeye alinitazama, akacheka kidogo.

"Mwanangu, amemwacha mke," akasema. "Mtani wake hajamwacha. Hana uwezo huo."

Nikaacha kulia. Sikuwa na mpango wowote siku ile, lakini maneno yake niliyaweka.

Nilikuwa na kitu kingine pia. Mwaka wetu wa kwanza, wakati wa masika, paa letu la madebe lilivuja mpaka kitanda kikalowa. Nikamwambia apande akazibe. Akaenda kusimama chini ya ngazi, akaishika, jasho likamtoka na mvua inamnyeshea. Nikadhani homa. Mwishowe nilijifunga kanga kiunoni nikapanda mimi, nikaziba kwa lami. Niliposhuka nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, akanieleza huku analia. Utotoni kwao Kisarawe alipanda mnazi kuangusha madafu, akafika juu, akaangalia chini, mikono ikagoma. Alikaa huko kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, watoto wenzake wakimzomea, hadi baba yake akaleta watu wa kumteremsha kwa kamba. Tangu siku hiyo hata juu ya kiti alikuwa hapandi kwa raha. Ndiyo maana siku ya kuizindua bembea yake, baada ya dua na ubani, ilipofika zamu ya mwenye mali kukaa wa kwanza ili chombo kiwe na heri, alisingizia tumbo akamkalisha mdogo wake. Alikuwa hajawahi kukaa ndani ya bembea yake mwenyewe, hata ikiwa imesimama. Nilimlaza kichwa mapajani nikamwambia jambo hili limeishia hapa. Na niliitunza siri ile. Hata aliponitumia talaka niliendelea kuitunza.

Basi, miezi kadhaa baada ya mimi kurudi kwa shangazi, ikaja habari kwamba mtu wangu amepata bembea ya chuma kutoka Mombasa. Si ya Idi tu, ya kudumu. Ya injini, yenye visanduku vingi, na pembeni yake farasi wa mbao wa kuzunguka. Ameomba kwa Mzungu wa bustani, yule aliyesimamia miti na nyasi za mji, apewe sehemu ya uwanja aizungushie ua. Na sehemu aliyoiomba ni kona yetu. Sababu yake ilikuwa kwamba kwingine kote udongo ni laini, masika unatota, chuma kitazama. Pale pekee ardhi imeshika. Miguu yetu ndiyo iliyoishikisha ile ardhi. Niliposikia hivyo niliweka chini beseni nililokuwa nalo. Alinifukuza nyumbani kwa ajili ya lelemama, na sasa anaifuata lelemama yenyewe aifukuze uwanjani.

Kariakoo ikagawanyika. Kwenye mabenchi ya kahawa hapakuwa na maneno mengine. Vijana waliitaka ile chuma, walikwisha kuanza kujivuna kwamba Mombasa wameizidi. Wazee wa msikitini waliogopa wavulana na wasichana watakaa kisanduku kimoja. Wauza karanga waliitaka, wapiga mpira hawakuitaka. Sokoni niliona wanawake wawili wakinyang'anyana fungu la mchicha, na kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa bembea. Mzungu wa bustani akatangaza kwamba atakuja Jumamosi alasiri asikilize watu palepale uwanjani, kisha aamue.

Alhamisi kabla ya mkutano, asubuhi, shangazi akiwa ameenda sokoni, nikasikia hodi. Niliijua ile sauti kabla sijageuka. Alisimama kwenye mlango wa uani, kofia mkononi, hakuvuka kizingiti.

"U mzima?" akaniuliza.

"Mzima. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwa heri. Nimefikiri sana. Ile kona yenu naiacha. Nitaweka ile chuma upande wa barabara, nitamwaga kokoto ardhi ishike. Nimeshasema na karani wa Mzungu, ameniambia nitamke mwenyewe mkutanoni, itaandikwa."

"Sasa unaniambia mimi kwa nini?"

"Bi Mkubwa hanipokei. Nimekwenda mara mbili amenifungia mlango. Mwambie wewe, asije na hasira bure. Na wewe..." Akaangalia viatu vyake. "Lile jambo langu. Nakuomba."

"Jambo gani?"

"Unalijua. Usinifanye nilitaje. Hata huyo mwenzangu nyumbani halijui."

Mwingine angelainika hapo. Mimi nilimtazama shingo, ile shingo niliyokuwa nikimkanda akirudi na uchovu, nikaona amenenepa. Nikamwambia aende kwa amani. Bi Mkubwa nitamwambia, na lake sitalitaja. Akashukuru. Alishukuru kweli, kwa unyenyekevu, akaondoka akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Sikumwambia Bi Mkubwa. Sikumwambia shangazi wala mtu yeyote. Nilikaa na lile neno Alhamisi nzima na Ijumaa nzima, nikiligeuza. Kona ilikuwa imekwisha kuwa yetu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Lakini nilikuwa nikiiona Jumamosi. Nilimwona anasimama mbele ya watu na kanzu yake, mikono nyuma, anatutunuku kona yetu kama sadaka, na sisi tunampigia vigelegele. Watu wangesema, tazama muungwana huyu. Wangesema, na yule mwanamke alimfanyia nini mtu mwema hivi mpaka akaachwa. Hilo sikuweza kulimeza.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mzungu aliletewa kiti na meza ndogo, karani wake pembeni akifasiri. Wanaume kwenye mabenchi, sisi wanawake kwenye mikeka upande wetu. Yeye alikuwa ameisimamisha bembea yake ya mbao ili Mzungu aone kazi zake, imepakwa rangi upya, nyekundu na kijani, na wale wazungushaji wawili wamesimama tayari. Mke wake mpya alikuwa miongoni mwa wanawake, amekaa mbele ndani ya buibui jipya.

Karani akasoma ombi kama lilivyoandikwa mwanzo, pamoja na kona yetu. Kina mama wakaguna. Kisha akasimama mfanyabiashara mmoja wa Kichagga, mwenye duka la vyombo Mtaa wa Msimbazi, mtu mpole aliyeheshimika.

"Mimi ni mtu wa Kilimanjaro," akasema, "lakini watoto wangu wamezaliwa hapahapa. Krismasi wananiuliza, baba, bembea iko wapi? Nawaambia imelala Gerezani inangoja Idi. Ikiwa ya kudumu itakuwa ya watoto wote. Kina mama, samahanini, nyinyi mnacheza siku chache kwa mwaka. Watoto wapo kila siku."

Yalikuwa maneno ya haki, na niliyachukia kwa sababu hiyohiyo. Bi Mkubwa hakungoja karani amalize kufasiri.

"Watoto hatuwakatazi, ni watoto wetu!" akasema, na nina hakika alisikika mpaka sokoni. "Uwanja huu mpana. Hiyo chuma ina nini na kona yetu? Tumeikanyaga miaka yote ikiwa tope, leo imekuwa sakafu ndiyo imeonekana? Aje anitoe mimi kwanza, kama ana mikono ya kuninyanyua!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzungu akaandika. Ndipo mtu wangu akasimama, akatengeneza koti, akaangalia upande wetu kwa uso wa upole.

"Kina mama zangu," akaanza, "kuhusu hiyo kona..."

Nilijua anachotaka kusema. Nikasimama kabla hajakifikia.

"Mtani wangu!" nikaita.

Uwanja wote ukachangamka. Watu wakasogeza mabenchi. Yeye akatabasamu, maana sheria inamtaka atabasamu. Lakini macho yake yalinitafuta, nikaona yananiuliza.

"Mtani wangu, kaa kidogo, nina swali la Kinyamwezi. Hiyo chuma yako inakwenda juu kiasi gani?"

"Inaupita ule mwarobaini," akasema taratibu.

"Na huko Mombasa uliipanda?"

"Niliiona ikifanya kazi."

"Na hii ya mbao? Jamani, nani hapa amewahi kumwona amekaa ndani ya hii? Asimame aseme."

Watu wakaangaliana. Hakusimama mtu. Nikaona mmoja wa wazungushaji anakuna kichwa.

"Siku ya kuizindua nilikuwepo," nikaendelea. "Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, mwenye mali akaambiwa akae. Tumbo likamshika! Akamkalisha mdogo wake. Chombo hakijazinduliwa na mwenyewe mpaka leo, ndugu zangu, na ndicho mnachowapakia watoto. Tumbo lenyewe nilimpikia uji mimi, na lilipona mara tu watu walipoondoka. Watani zangu Wazaramo, mmeona wapi Mzaramo anayeogopa mnazi? Huyu alipanda mmoja kwao Kisarawe, akalia huko juu mpaka adhuhuri, akateremshwa kwa kamba kama mbuzi wa biashara! Paa la nyumba yake nimepanda mimi, mwanamke, yeye yuko chini anatetemeka na ngazi!"

Siwezi kueleza kicheko kile. Wanyamwezi walipiga mapaja, lakini Wazaramo ndio waliocheka zaidi, wengine wakalala kwenye nyasi. Kama naye angecheka, mambo yangeishia hapo. Angesema lolote kuhusu Wanyamwezi, angesema nakoroma, nakula panya, chochote, na watu wangemshangilia, kisha angetamka habari ya kona na kuwa mfalme wa siku. Nadhani alijua hivyo. Lakini mke wake alikuwa anamtazama, na uso ulikuwa umekwisha kumbadilika.

"Nyamaza, mwanamke mshenzi!" akafoka, kidole kinanielekea. "Mnafiki mkubwa! Nitakushitaki! Utanijibu barazani kwa liwali!"

Kicheko kikakatika. Kumshitaki mtani! Hata mimi sikutegemea angefika huko. Wazee wa Kizaramo waliinamisha vichwa, maana aibu ilikuwa yao sasa. Kisha sauti zikaanza kutoka pande zote, faini, faini, amemkasirikia mtani. Aliyetoa hukumu alikuwa Mzaramo mwenzake, mzee mwenye meza ya samaki kule Feri.

"Kuku hatumtaki, mbuzi hatumtaki," akasema. "Apande. Azindue chombo chake."

Vijana hawakungoja aseme mara ya pili. Walimnyanyua na kanzu yake, yeye akirusha miguu, wakamkalisha kwenye kisanduku chekundu wakafunga komeo. Wazungushaji wake mwenyewe, wale aliowapa kazi kila Idi, ndio walioshika gurudumu. Likapanda. Likashuka. Kofia ikamtoka. Mara ya tatu wakalisimamisha yeye akiwa juu kabisa, kisanduku kinayumba, na uwanja wote umeinua vichwa.

"Mama!" akalia. "Mama, nakufa!"

Kisha akaanza kupiga kelele nyingine, ameukumbatia ule ubao na macho ameyafumba.

"Kona naiacha! Nilikwambia naiacha! Nilikwambia!"

Bi Mkubwa alikuwa ameniegemea, anafuta machozi ya kucheka kwa upindo wa kanga.

"Anasema alimwambia nani?" akaniuliza.

"Anapayuka tu," nikamjibu.

Akaniamini. Kule juu mtu akajitapikia kanzu yote. Nilimwona mke wake akishusha ukaya wa buibui usoni, akasimama, akapita katikati yetu bila kumgusa mtu, akaenda zake. Roho yangu ikasuuzika. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kiasi cha kuweza kulitafutia maneno mengine, na sina. Ilisuuzika kama mtu aliyekunywa maji baada ya kufunga.

Tulimsahau Mzungu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mwekundu, anamuuliza karani jambo kwa haraka. Karani, maskini, alikuwa anacheka na kufasiri kwa wakati mmoja, anajaribu kumweleza utani ni nini. Ataelezaje? Yule alichokiona ni mtu aliyekuja kwa adabu kuleta ombi, akatukanwa na mwanamke, akakamatwa na umati, akafungiwa juu analia huku wanawake wanashangilia. Akafunga daftari lake akaingia ndani ya gari akaondoka. Mfanyabiashara wa Kichagga ndiye aliyewaambia vijana wamteremshe, akampa leso ajifute.

Haikupita hata mwezi likaja jibu, limebandikwa kwenye mti wetu. Bembea ya chuma imekataliwa. Bembea ya mbao isionekane tena. Na ngoma za aina yoyote zimepigwa marufuku kwenye ile kona, kwa ajili ya amani. Wakaja vibarua wakaipiga jembe ile ardhi tuliyoikanyaga, ikawashinda, wakaleta sururu. Wakapanda maua mekundu yasiyo na harufu wakazungushia seng'enge.

Yeye hakukaa tena mjini. Watoto walimfuata mpaka Gerezani wakiigiza anavyolia, na watani zake, wa kabila langu, walimwonyesha kwa kidole kila mnazi uliokuwa njiani. Mke alirudi kwa baba yake. Karakana akaiacha, akavuka kwenda Kigamboni, na bembea ikapasuliwa mbao. Niliona ubao mmoja wa kijani umegeuzwa mlango wa banda la kuku Mtaa wa Sikukuu. Kila nilipopita hapo nilipunguza mwendo niutazame vizuri.

Chama chetu kilijaribu kucheza uani kwa watu. Safu inakatika kwa sababu ya kisima, jirani analalamika, na anayetutazama ni nani? Wenzangu wakaanza kupungua, wengine kwa ndoa, wengine kwa siasa iliyokuwa imeanza kuwachukua kina mama wengi wenye sauti. Zikapita Idi tatu, nne, kisha ikawa hakuna anayekumbuka kuuliza kama sare imenunuliwa. Na mimi nikarudi kuwa binti wa fulani. Nimejiuliza mara nyingi, nikirudishwa asubuhi ile ya Alhamisi, yeye amesimama mlangoni na kofia yake, nitafanya nini. Nitafanya vilevile.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaishia, Bi Mkubwa akashikwa na maradhi ya maji mwilini. Asubuhi moja tulikuwa tumemzunguka kitandani, wale tuliobaki, tunabadilishana zamu ya kumpepea. Ile sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi tuiname ili tumsikie. Akaomba maji, akalowesha midomo, akaulizia ile kona. Mmoja wetu akamwambia bado ina maua.

"Yule mwanamume," akasema. "Kona moja tu. Angetuachia, ingemgharimu nini?"

Nikaendelea kumpepea. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Wewe ndiye uliyetupigania," akaniambia. "Wengine sote tulikaa kwenye mkeka."

Kisha akatuambia tuinue mikono. Akainua na yake, imevimba, tukamsaidia viwiko. Akamwomba Mungu amnyime yule mtu kivuli na kituo kama alivyotunyima sisi, asipate raha alipo wala aendako, na afe akijua sababu. Akangoja tuitikie. Wenzangu wote walinigeukia, maana mimi ndiye niliyetendewa zaidi.

Nikaitikia amina, wa kwanza, na kwa sauti kuliko wote.